Pikipiki mpya ya theluji: jinsi ya kuitayarisha kwa milima isiyo na njia

Ukikabidhiwa pikipiki mpya ya theluji, muuzaji atakuambia iko tayari. Tayari kwa nani? Kiwandani waliifunga wakimfikiria mtu wa uzito wa kati na kimo cha kati, na hawakujua kama utazunguka nayo kwenye tambarare za Minnesota au utaipandisha kwenye milima ya Utah. Mimi nikishavaa buti, kofia ngumu na mkoba mgongoni nina kilo 104. Msimu wangu wa kwanza niliiendesha vilevile ilivyotoka dukani. Siku moja, juu ya Daniels Summit, mlimani hapa Utah, nilizama mara tisa. Wenzangu wenye injini ndogo kuliko yangu walikuwa juu ya kilima wanamimina chai kwenye vikombe, mimi niko chini na koleo kama mchimba kisima.

Msimu uliofuata sikununua hata kifaa kimoja. Nilichukua spana, tepu na daftari, nikashinda gereji siku mbili. Mashine ikawa nyingine. Ndiyo maana kila ndugu anayenipigia kuuliza anunue springi gani au bomba gani la moshi, namwambia aweke pochi mfukoni kwanza. Vitu vya kurekebisha tayari vipo kwenye mashine yako, vimelipiwa, na wengi hawavigusi hadi siku ya kuiuza.

Nazungumzia mashine ya milimani: injini ya mipigo miwili (ndugu wa zile injini za boti za wavuvi wetu zinazokunywa oili pamoja na petroli), skii mbili mbele, na nyuma ule mkanda mpana wa mpira wenye meno ambao nitauita treki. Yangu ina treki ya urefu wa inchi 165, upana inchi 15, na meno ya inchi 3. Yako ikiwa 154 au 146, hatua ni zilezile, vipimo tu ndivyo vitakavyotofautiana. Kitabu cha mashine kiwe mezani muda wote. Nikitaja kipimo hapa na kitabu chako kikasema kingine, fuata kitabu.

Gereji kwanza

Pita na spana kwenye bolti zote kabla ya kuiwasha. Mashine husafirishwa kwenye kreti, skii na usukani hufungwa dukani, na anayefunga mara nyingi ana mashine kumi nyingine zinamsubiri. Kaza bolti za skii, za mikono ya mbele, za usukani, na zile nne zinazoshikilia mfumo wa nyuma kwenye gamba la alumini lililofunika treki. Tumia spana ya kupimia nguvu, kwa sababu alumini haisamehi mtu anayekaza kwa hasira.

Angalia oili ya injini, maji ya kupozea, maji ya breki, na oili ya boksi la cheni kama mashine yako ina cheni (nyingine siku hizi zina mkanda badala yake). Piga grisi kila chuchu ya grisi unayoiona. Hapo nusu saa imekwisha.

Usukani ukufuate wewe

Nje ya njia hukai, unasimama. Kwa hiyo usipime usukani ukiwa umekaa kwenye kiti kama mtu wa bodaboda anayesubiri abiria. Vaa buti zako za theluji, panda, simama miguu ikiwa imepinda kidogo magotini, funga macho, nyoosha mikono mbele kwa raha. Fungua macho. Mikono ikiangukia juu ya usukani, au ukilazimika kuinama kuufikia, legeza bolti na uusogeze. Ukikosa nafasi ya kutosha, hapo kweli utahitaji kipande cha kuinulia usukani, na ni mojawapo ya manunuzi machache ninayoyakubali. Usiupandishe sana lakini. Usukani ulio juu mno unakunyima nguvu ya kuilaza mashine ubavuni.

Kisha inamisha mkono wa breki kidogo chini, usawa ambao kidole kimoja kinaufikia bila kukunja kiganja. Kwenye mteremko mkali breki inashikwa kwa kidole kimoja huku vinne vikishika usukani. Fanya hivyohivyo na ekseleta ya kidole gumba: siku nzima ya kuibonyeza ikiwa imekaa vibaya, jioni hutaweza hata kufungua mfuniko wa chupa.

Kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye koti lako tangu safari ya kwanza. Ukianguka mlimani bila kamba hiyo, mashine inaweza kuendelea bila wewe, na haitakurudia.

Treki

Inua nyuma ya mashine mpaka treki ining'inie. Katikati ya sehemu ya chini ning'iniza uzito uliotajwa kwenye kitabu, kisha pima mwanya kati ya reli ya plastiki (ile ambayo treki huteleza juu yake) na upande wa ndani wa treki. Yangu inataka uzito wa kilo 7.3 na mwanya wa milimita 30 hadi 35. Legeza nati ya ekseli ya nyuma, zungusha bolti za kurekebisha kulia na kushoto kwa kiasi kilekile, kaza tena, pima tena.

Watu hukosea hapa kwa kukaza kupita kiasi, wakidhani treki iliyokaza ni treki yenye nguvu. Kinyume chake: treki iliyokaza inakula nguvu za injini na kuzila plastiki za reli. Iliyolegea mno nayo itaruka kwenye meno ya gurudumu linaloisukuma, utaisikia ta-ta-ta-ta ukibonyeza mafuta kwa ghafla au ukifunga breki. Mimi huiacha upande wa kulegea, mradi nisiusikie mlio huo.

Baada ya kupima, washa injini nyuma ikiwa bado juu, mtu yeyote asisimame nyuma yake, na uache treki izunguke polepole. Zima, halafu angalia kama iko katikati ya reli. Ikivutika upande mmoja, kaza kidogo bolti ya upande ule ambao treki imeisogelea reli, itahama kwenda upande wa pili. Robo mzunguko kwa mara moja. Treki mpya hunyooka katika safari za mwanzo, kwa hiyo kazi hii utaifanya tena baada ya siku mbili tatu. Hakuna ujanja wa kuikwepa.

Skii

Weka usukani katikati kabisa na uufunge usitikisike. Vuta ncha za mbele za skii zikaribiane kwa mpira wa kufungia mizigo ili ulegevu wote wa viungo uishe, kisha pima umbali kati ya skii mbele na nyuma. Mbele panatakiwa pazidi nyuma kwa milimita 3 hivi. Skii zikielekeana ndani, mashine itayumbayumba kwenye njia ngumu kama mlevi anayetafuta mlango wake.

Upana kati ya skii mbili ndio wenye maana zaidi nje ya njia. Mashine za njia zilizosawazishwa huwa na takriban inchi 42, za milimani ni kama inchi 36, na nyingi zina spesa (vipande vya kutengea nafasi) kwenye bolti ya skii unazoweza kuzihamisha kutoka ndani kwenda nje. Mwanzoni weka upana mdogo kabisa unaoruhusiwa. Mashine itakuwa nyepesi kuilaza ubavuni, na kuilaza ubavuni ndiyo lugha yote ya kupita kwenye miteremko. Itayumba zaidi kwenye njia ngumu ya kufikia mlima, ni kweli, lakini njia hiyo ni ya nusu saa na mlima ni wa siku nzima.

Shokapu na mshipi

Hapa ndipo kilo zangu 104 zilipopata jibu. Kaa nami, ni sehemu ndefu.

Mashine ina shokapu nne. Mbili ni za skii. Ya tatu imejificha ndani ya treki mbele, na ya nne iko ndani ya treki nyuma. Pamoja nazo kuna mshipi wa nailoni wenye matundu, umefungwa sehemu ya mbele ya mfumo wa treki. Kazi yake ni kuzuia mbele ya treki isishuke kupita kiasi. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote, na kinabadilisha tabia ya mashine kuliko kingine chochote.

Anza na ya nyuma. Shika bampa ya nyuma, inua mpaka mfumo unyooke kabisa lakini treki isiache ardhi, mwenzako apime kutoka sakafuni hadi kwenye bampa. Kisha vaa kila kitu utakachovaa mlimani, mkoba, maji, koleo, usidanganye. Panda usimame unaposimama kawaida, dunda mara moja polepole, tulia. Mwenzako apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayokuambia kama springi inakubeba. Kitabu changu kinataka kati ya sentimita 5 na 7.5. Mimi nilikuta 11.

Sentimita 11 maana yake nini? Kila nilipobonyeza mafuta kwenye kilima, nyuma ilikaa chini, skii zikatazama mawingu, na treki badala ya kupanda juu ya theluji ikaanza kuchimba handaki. Meno ya inchi 3 yanachimba upesi kuliko mwanadamu yeyote. Nilikuwa nadhani sina nguvu za kutosha, kumbe nguvu zilikuwepo, zilikuwa zinaelekezwa chini.

Kaza springi ya nyuma, pima tena, rudia mpaka uingie kwenye kipimo. Ukifika mwisho wa nyuzi za kukazia na bado unazama kupita kiasi, springi ni nyepesi kwa mwili wako. Hapo sasa nunua nyingine, na huo ni ununuzi wa haki. Ukiwa mwepesi, labda kilo 60, tatizo lako litakuwa kinyume: mashine haitashuka hata sentimita 4, mashine itakurusha kwenye kila tuta, na utalegeza badala ya kukaza. Mashine nyingine zina shokapu za hewa pasipo springi. Zile pima presha zikiwa baridi, nje, maana presha uliyoijaza kwenye gereji yenye joto itashuka ukifika mlimani penye nyuzi 15 chini ya sifuri.

Mshipi sasa. Ukiufupisha tundu moja, mbele ya treki inabanwa juu, uzito unahamia kwenye skii, na kwenye mwinuko mkali mashine haisimami wima kirahisi. Ukiurefusha, mbele inakuwa nyepesi, inapenda kunyanyuka, inafurahisha kwenye tambarare ya theluji laini na inatisha kwenye kilima. Mimi nilifupisha tundu moja tu. Nilijaribu mawili: mashine ikawa nzito kugeuka, skii zikawa zinalima. Nikarudisha moja.

Shokapu ya mbele ndani ya treki inafanya kazi sambamba na mshipi. Ikiwa ngumu inasukuma mbele ya mashine juu, usukani unakuwa mwepesi, lakini pia inaibonyeza treki kwenye theluji kwa pembe kali. Ikiwa laini, treki inalala karibu na ubapa na kuipanda theluji. Kuna waendeshaji wazuri wanaoipenda ngumu na siwakosoi. Mimi kwa milima mikali naiacha laini. Anza katikati, halafu sikiliza.

Za skii nazo ziwe laini kiasi cha kukuruhusu kuilaza mashine kwa uzito wa mguu mmoja. Kipimo changu ni hiki: simama pembeni juu ya ubao mmoja wa miguu, mashine imezimwa, juu ya theluji laini, vuta usukani kuelekea kwako. Skii ya upande wa pili ikinyanyuka bila wewe kutoa sauti ya mtu anayebeba gunia la mahindi, umepata. Isipokuwa ukiona zinafika mwisho na kugonga kwenye matuta ya njiani, hapo kaza kidogo.

Mkanda na klachi

Ukiwahi kufungua skuta isiyo na gia, utakuwa nyumbani. Klachi ya mbele iko kwenye injini: ndani yake kuna vipande vya uzito vinavyorushwa nje na mzunguko, vinafinya sahani mbili na kuusukuma juu mkanda unaoziunganisha klachi mbili. Klachi ya nyuma inafunguka kwa kiasi kinacholingana. Kompyuta haina neno hapa, ni uzito, springi na msuguano.

Mkanda mpya, hata ule uliokuja na mashine, uvue, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukauke kabisa. Futa nyuso za klachi zote mbili kwa spiriti na kitambaa safi, usiziguse tena kwa vidole vyenye grisi. Ukirudisha mkanda, mgongo wake ukae sawa na ukingo wa klachi ya nyuma au upite juu kidogo tu, kama milimita moja. Ukizama ndani, mashine itachelewa kuondoka. Ukikaa juu mno, mashine itataka kutembea yenyewe ikiwa imesimama na injini inanguruma. Kuna bolti ya kurekebisha, kitabu kitakuonyesha ilipo.

Kisha uulainishe kwa kilomita 50 za mwanzo: badilisha mwendo mara kwa mara, usishikilie mafuta hadi mwisho, na ukipanda kilima kirefu simama upumzike. Mkanda wa akiba nao ufanyie hivyohivyo siku nyingine, halafu huo uliolainishwa ndio uweke kwenye begi. Niliwahi kupasua mkanda kilomita 20 kutoka barabarani, nikafunga mpya moja kwa moja kutoka kwenye pakiti, nikabonyeza mafuta kwa sababu jua linazama. Wa pili haukumaliza saa moja. Nilivutwa kwa kamba hadi kwenye maegesho, na mpaka leo hadithi hiyo husimuliwa nikiwepo.

Mkanda ukipasuka, usifunge mwingine kabla ya kutoa kila uzi wa ule uliokufa. Nyuzi hujificha nyuma ya klachi ya mbele na kuizunguka shafti ya injini, zikaharibu sili. Mwanga wa tochi na plaisi ya ncha nyembamba, dakika kumi, umemaliza.

Sasa mwinuko. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Wolf Creek Pass, hapa Utah, iko karibu mita 2,890. Mashine ya nguvu za farasi 165 pwani, ukifika pale imebaki na 118 au hapo jirani. Haikuharibika, imekosa hewa, kama wewe mwenyewe ukipanda ngazi siku ya kwanza. Lakini vipande vya uzito kwenye klachi havijui kwamba injini imedhoofika. Vikiwa vizito vya kutosha kwa nguvu 165, vitaibana injini ya 118 isifikie mizunguko inayotaka.

Injini nyingi za sentimita za ujazo 850 za mipigo miwili hutaka kukaa kati ya mizunguko 7,900 na 8,300 kwa dakika ukibonyeza mafuta hadi mwisho. Kitabu kitakupa namba yako kamili. Nenda kwenye mwinuko unaouendesha siku nyingi, theluji laini, injini ikiwa na joto, bonyeza mafuta yote kwa sekunde chache, mwenye macho asome dashibodi. Chini ya namba? Punguza uzito. Juu ya namba? Ongeza, kwa sababu injini inayopiga kelele kupita kiasi haikupeleki mbele zaidi, inaupasha mkanda moto tu. Kwenye yangu, gramu 1 kwa kila kipande ilibadilisha mizunguko 100 hivi. Mashine nyingine zina skrubu ndogo zenye namba, unazungusha bila kufungua kitu. Na kama duka lako liko milimani, waulize kabla ya yote: huenda mashine ilishafungwa vipande vya mwinuko huo, ukajikuta unarekebisha kilichorekebishwa.

Ukitaka kujua kama umepatia, panda kilima kirefu, simama, zima injini, fungua pembeni na uguse klachi ya nyuma kwa kiganja. Ukiweza kuushikilia mkono pale, vizuri. Ukiruka, kuna kitu kinateleza.

Petroli, oili, na saa kumi za kwanza

Hapa Utah na majimbo jirani ya milimani, pampu ya bei ya chini huuza petroli ya okteni 85. Usiiguse. Injini hizi hutaka 91, na ethanoli isizidi asilimia 10. Ukipata isiyo na ethanoli kabisa, bora zaidi, hasa kama mashine itakaa wiki mbili bila kuwashwa. Oili ni ile iliyotajwa na kiwanda, unaijaza kwenye tangi lake na pampu inajigawia. Baadhi ya viwanda hutaka uchanganye oili ya ziada kwenye tangi la kwanza la petroli, vingine vinakataza kwa kuwa kompyuta inaongeza yenyewe. Kwenye hili soma kitabu chako, usinisikilize mimi wala jirani.

Kwa saa kumi za mwanzo, mafuta hadi mwisho yawe ya muda mfupi tu. Lakini usiitembeze kama unabeba mayai vilevile: mwendo uleule, wa polepole, kwa saa nzima si mazoezi mazuri kwa pistoni mpya.

Asubuhi ya baridi, acha injini ipate joto la nyuzi 40 hivi kabla ya kuidai kitu. Sababu ni hii. Pistoni hupata joto haraka na kutanuka. Injini ikiwa bado baridi ukabonyeza mafuta, maji ya barafu yaliyokuwa yamelala kwenye vipoza vya nyuma yanaizunguka silinda kwa ghafla, silinda inasinyaa, pistoni imetanuka, zinashikana. Injini ya dola elfu kadhaa inakufa kwa kukosa subira ya dakika tano.

Na joto la upande wa pili: vipoza hivyo viko chini ya gamba la alumini, vinategemea theluji inayorushwa na treki. Kwenye barabara ngumu yenye barafu hakuna theluji ya kurushwa, joto linapanda, na plastiki za reli zinakauka na kuyeyuka. Ndiyo maana kuna zile fimbo mbili za springi pembeni, za kukwangua barabara. Zishushe kwenye njia ngumu, zipandishe kabla ya kurudi nyuma la sivyo zinakunjika. Ukiona namba ya joto inaelekea nyuzi 75, toka nje ya njia, tafuta theluji laini, zunguka kidogo.

Kilima cha majaribio

Chagua kilima kimoja kifupi, kisicho na mwinuko wa hatari, na ukirudie. Badilisha kitu kimoja tu kwa safari moja. Ukikaza springi na kufupisha mshipi kwa pamoja, mashine ikiwa nzuri hutajua umshukuru nani. Andika: tarehe, theluji ilikuwaje, ulibadilisha nini, uliona nini. Theluji ya asubuhi na ya saa nane mchana ni vitu viwili, kwa hiyo linganisha asubuhi na asubuhi.

Mashine ikisimama wima kwenye kilima, fupisha mshipi au kaza nyuma. Ikichimba ukiondoka tu kutoka kusimama, kabla ya kulaumu springi angalia kidole chako: wengi tunabonyeza kama tunakimbizwa. Ikigoma kulala ubavuni, rudi kwenye upana wa skii na shokapu zake. Ikilala vizuri kushoto na kugoma kulia, hiyo si mashine, ni wewe. Kila mtu ana upande wake dhaifu.

Kitu kisichorekebishwa kwa spana

Nje ya njia maana yake maporomoko ya theluji, na mengi huanza kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45, ileile inayovutia kupanda. Kila mtu kundini avae bikoni (kifaa kidogo cha kutuma na kupokea mawimbi ili aliyefunikwa apatikane) mwilini, si kwenye begi la mashine, na awe na koleo na fito ya kudunga ndani ya theluji kumtafuta aliyefunikwa kwenye mkoba wa mgongoni. Mtu aliyefunikwa ana kama dakika 15 kabla nafasi yake haijaporomoka, na hakuna helikopta ya dakika 15. Waokoaji ni ninyi. Simu ikae angalau sentimita 20 mbali na bikoni, na sentimita 50 wakati wa kutafuta. Zimeni mashine mnapotafuta, umeme wake huichanganya bikoni.

Utah Avalanche Center, kituo cha kutahadharisha kuhusu maporomoko ya theluji, hutoa hali ya milima kila asubuhi wakati wa majira ya baridi, na wana mafunzo ya bure ya awali. Kwingineko Marekani na Kanada kuna vituo vya namna hiyo. Kilima kikali anapanda mmoja, wengine wanangoja mahali salama. Mwenzako akizama katikati ya mteremko, usimfuate kwenda kumsaidia kuchimba. Najua inaonekana ni roho mbaya, hasa kwetu tuliolelewa kusukuma gari la kila mtu. Lakini mashine mbili na watu wawili kwenye mteremko mmoja ndiyo picha iliyomo kwenye ripoti nyingi za vifo. Na uangalie ramani: maeneo kama High Uintas Wilderness, pori la hifadhi hapa Utah, hayaruhusu injini hata moja, mpaka wake hauna uzio, na hukumbuki kuuvuka mpaka umeshaandikiwa faini.

Ukirudi nyumbani

Gonga barafu yote itoke kwenye mfumo wa nyuma, hasa kwenye magurudumu madogo na viungo vya shokapu. Pima treki tena, pitisha spana tena kwenye zile bolti za skii na za mfumo wa nyuma, fungua pembeni uangalie vumbi la mkanda: kidogo ni kawaida, rundo jeusi si kawaida. Kisha inua nyuma ya mashine juu ya stendi au magogo mawili, treki isiguse chini. Ukiiacha kwenye maji yaliyoyeyuka, usiku yataganda, na Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, wenzako wakipiga honi nje, utakuwa umepiga magoti gerejini na birika la maji moto.